Chini ya Taya la Mtamba

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyobishana kwayo miaka yote, ingawa majirani zetu wa Mafubira waliiita lugha ya bunduki, kwa kuwa ndiyo waliyoisikia kwa wanajeshi. Nakiri jambo ulilolingoja kwa hamu: katika ubishi wetu wa vidole na vitabu, ulishinda wewe.

Tangu tukuzike nimehitimu udaktari wa mifugo, nami nimepangiwa kazi Mbale. Vita vimekwisha. Watu walioachwa bila hata mbuzi wanaanza upya, na mnada wa Nakaloke umefunguliwa. Mimi ndiye ninayewapima ng'ombe kabla hawajapelekwa nyumbani.

Siku moja mjane aitwaye Nambozo alileta mtamba mwekundu aliyetoka kumnunua. Wanajeshi waliswaga ng'ombe wake wote. Huyu ndiye wa kwanza tangu hapo. Nilimshika chini ya taya, nikakuta uvimbe wa mviringo. Nikatangaza mbele ya mnada mzima kwamba tezi ya kinga imevimba, huenda ni kifua kikuu, nikaandika kwenye karatasi yake ya vipimo: achinjwe.

Nambozo hakulia. Aliniuliza, "Daktari, mbona umeshika upande mmoja? Mimi sikununua nusu ng'ombe."

Watu wakacheka. Nilikwisha kufungua kinywa nimjibu kwa maneno ya kitabu, ndipo nikakukumbuka katika bucha letu la Bugembe, miaka ile wanajeshi walipobeba nyama na kutuachia vichwa. Vichwa hivyo ukavifanya darasa. "Fumba macho, msomi. Shika huku, shika na kule." Tezi ya kinga, ulisema, ni laini kama punje ya haragwe, imekaa kando ya mfupa. Tezi za mate ni kubwa, zina vinundu kama karanga mfukoni, nazo hukaribia kukutana katikati. Nilipobisha kwamba ng'ombe hana haja ya tezi kubwa hivyo, ulinijibu, "Anacheua kutwa! Ulidhani mate anakwenda kuyateka Naili?"

Basi nilifumba macho, mnada mzima ukitazama. Huku vinundu, kule vinundu vilevile. Zilikuwa tezi za mate, nzima kabisa. Nikaichana ile karatasi, nikamwomba Nambozo radhi kwa sauti ileile niliyomhukumia mtamba wake. Haikuwa rahisi; unaijua shingo yangu ilivyo ngumu.

Usishangilie sana, Baba. Kuhusu kumtia ng'ombe chumvi jichoni kama dawa bado ulikosea, na hoja zangu ninazo.

Mtamba sasa ana mimba. Nambozo ameshajenga zizi la ng'ombe wawili. Nami juma lijalo napokea wasaidizi wawili, vijana wenye vyeti na midomo kama yangu. Nimeagiza vichwa viwili vya ng'ombe buchani, vitabu vitafuata.

Mola akupanulie kaburi, Baba. Nakuahidi: sitaandika tena neno "achinjwe" kabla mkono wangu haujafika upande wa pili.

Mwanao,
Yusufu