Kipimo cha Mwalimu

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaykum. Huku Kuze tu wazima, na babuyo kikohozi kimemwachilia.

Swali lako limenighadhibisha. Ati mwalimu atawanong'oneza kipimo chake katika mtihani wa kemia wa maabara, kwa kuwa alama hutolewa kadiri chako kinavyokaribia chake, nawe hujui uandike kipi? Hata wetu alinong'ona! Wenzangu wote wakakiandika cha mwalimu. Mimi nikaandika nilichokisoma mwenyewe kwenye bureti, ule mrija wa kupimia. Wasahihishaji wakashuku, wakafuta matokeo ya darasa zima, yangu yakiwemo.

Wewe andika chako.

Arusini kwa mamako mwalimu yule alikuja. Nilimpakulia biriani mpaka sahani ikafurika. Salamu yake, hadi leo sijaiitikia.

Ni mimi bibiyo, nikuombeaye.