Poda Niliyompaka Mama Mkwe

Shangazi mshauri, naomba unisome hadi mwisho kabla hujanichamba. Mimi ni mpambaji saluni, na mama mkwe wangu ni nesi aliyestaafu juzijuzi baada ya miaka thelathini na moja, hospitali yake ikaamua picha yake kubwa itundikwe wodi ya wazazi, akaniita nimpambe, nikampamba kwa moyo wote, naye akajitazama kiooni akasema leo nimebahatisha, maana mkono wangu ni wa kupaka kuta, na mawifi zangu watatu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mpiga picha alipopiga ya kwanza akanionyesha kwenye kamera, Shangazi, ile poda yangu ya kukausha mafuta ilikuwa imeakisi mwanga wa flashi, uso mweupe kama umetumbukizwa kwenye unga na shingo iko vilevile, akaniuliza kama ndivyo inavyotakiwa, nami nikamjibu kwamba ndiyo mitindo ya siku hizi.

Sasa manesi wadogo wanaiita picha hiyo Mzuka. Mama mkwe alimfuata mpiga picha hadi studio akamsema mbele ya wateja, na yule baba alipojitetea kwamba mimi ndiye niliyeikubali, akajibiwa, "Mkwe wangu ni fundi. Hawezi kuniharibu uso." Miaka tisa hajawahi kunisifu, Shangazi, ananisifia hapo. Jumamosi anapigwa upya na mpiga picha mwingine, na ameagiza nimpambe mimi. Niseme au nipambe tu ninyamaze?

SHANGAZI ANAJIBU

Mwanangu, nimecheka, kisha nimeona haya kwa kucheka. Mama mkwe wako ana mdomo mchafu, hilo nakupa. Lakini mwenye mdomo ni yeye, kwa nini umemwadhibu mpiga picha?

Tuanze na kazi yako. Ile poda iache nyumbani. Tafuta rangi ya msingi inayofanana na shingo yake, ujaribishe chini ya taya, siyo kwenye kiganja kama mnavyopenda. Poda kidogo puani na kwenye paji la uso, basi. Nyusi usizikoleze, kamera itazikoza yenyewe. Mkalishe karibu na dirisha, na kabla hajavaa sare mpige moja ya majaribio kwa simu, flashi ikiwaka. Wewe haya yote unayajua, ndiyo maana nina hasira na wewe.

Kabla hujafungua mkoba, mwambie. Usianze na mawifi wala kuta, anza na "nilikuona kwenye kamera nikanyamaza." Atakusema, utasikiliza. Kisha mwende wote wawili kwa yule mpiga picha wa kwanza, umwombe radhi wateja wake wakisikia, na picha ya Jumamosi apige yeye.

Ikishapigwa, mwombe awapige nyingine mkiwa wawili. Mama mkwe apendeze, wewe upakwe ile poda, na mkono wa kukupaka uwe wake. Hiyo itundike sebuleni kwako.