Mashine ya Masikio ya Baba

Jumatano baada ya Alasiri, masika, 1957

Mvua haijakatika tangu alfajiri na koo langu linawaka. Nikifungua mdomo natoa mkwaruzo tu. Salma ananiambia ninywe maji ya tangawizi, nami sina hata nguvu ya kuitikia.

Nimechoka.

Baba yangu ni kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Alifua masufuria na mabirika ujana wake wote, na ile nyundo ikamla masikio pole pole. Tangu mama afariki, na mimi niachike nikarudi nyumbani hapa Kiponda, masikio yake ni mimi. Muuza samaki akitaja bei, narudia kwa kelele. Mgeni akitoa salamu, narudia kwa kelele. Majirani wanajua tunapika nini kabla hatujapakua.

Kabla ya Ramadhani binamu yetu aliye baharia alimletea mashine ya kusikilizia kutoka Ulaya. Ni kisanduku kama pakiti ya sigara. Baba hukitia katika mfuko wa kizibao, na waya hupanda mpaka kwenye kizibo kidogo cha sikioni. Siku ya kwanza alikaa barazani akisikiliza kunguru, akalia. Mimi niliingia ndani nikalala mchana kutwa, kwa raha tu ya kutokuwa na wa kumpigia kelele.

Ina kasoro moja. Kisanduku kikibanwa, hupiga mluzi.

Ijumaa iliyopita baba alikuwa kwenye benchi la kahawa, watu wanazungumza siasa kama wanavyofanya mwaka huu wote. Akajikunyata kwa baridi, na kifua chake kikapiga mluzi. Pembeni yake alikaa askari kanzu, wale askari wa siri wasiovaa sare, ambao wenyewe wanadhani hawajulikani, ilhali mtaa mzima unawaamkia kwa majina. Huyu akaona waya, akaona kisanduku, akasikia mluzi. Akaamini kwamba mzee anarusha maneno ya watu kwenda nchi za nje.

Mashine wakaichukua pale pale. Kisha wakaja kupekua nyumba. Hawakuona walichokitaka, wakabeba kila kilichofanana na kitu: saa ya mezani iliyokufa zamani, kichupa cha shaba cha wanja alichoacha mama, kwa sababu kina kijiti na kifuniko cha kuzungusha, na kibiringo cha uzi wa zari niliokuwa nikitarizia suruali ya harusi ya Salma.

"Waya mwembamba huu," mmoja akamwambia mwenzake, akaunusa.

Suruali imebaki na zari mguu mmoja.

Salma ni mdogo wangu, na anaolewa Ijumaa hii. Hapo ndipo roho yangu ilipo. Mimi nilipoolewa, baba alimpa shehe uwakala wa kuniozesha, maana asingeweza kumsikia mume akikubali. Akakaa pembeni msikitini kama mgeni aliyealikwa. Ndoa yangu ilivunjika kwa mambo mengine kabisa, lakini baba hajaacha kuamini kwamba ni kwa sababu hakunikabidhi kwa mkono wake. Nimemwambia mara ngapi. Hilo hata kwa mashine hataki kulisikia.

Alipoipata mashine, neno lake la kwanza lilikuwa, "Salma ntamuozesha mwenyewe. Kwa mdomo wangu, na nsikie kwa masikio yangu." Tangu siku hiyo hupanda na kushuka ngazi akijisomea maneno ya kuozesha.

Leo tumeitwa kituoni. Chumba kilifungwa mlango na madirisha, kwa kuwa shauri lenyewe ni la siri. Afisa wa Kizungu alikaa mezani, na inspekta wa hapa hapa mjini akamfanyia ukalimani. Inspekta akauliza swali la kwanza kwa sauti ya chini. Baba akanitazama. Nikafanya ninachofanya kila siku.

"BABA! WANAULIZA, HABARI UNAMPELEKEA NANI!"

"Nampelekea Zuhura!" akajibu baba, naye hajui kusema pole pole. "Bei ya samaki!"

"Bi Zuhura, tafadhali, punguza sauti," inspekta akasema. "Mambo haya hayatakiwi kusikika nje."

"Nkipunguza hasikii, bwana. Masikio yake mmeyaweka nyinyi."

Akamtazama Mzungu, akaitazama dari. "Haya, endelea."

Nikaendelea. NANI KAKUPA. UMELIPWA NA NANI. NANI ANAKUSIKILIZA.

"Hanisikilizi mtu!" baba akapiga kelele. "Hata wanangu!"

Nje kukalipuka kicheko. Mvua ilikuwa imewakusanya watu chini ya paa la kituo, wapagazi, muuza kahawa na akina mama waliotoka sokoni, na wote walikuwa wamefuata shauri tangu mwanzo. Mmoja akapaza sauti dirishani, "Mwambieni huyo bwana, mzee huyu hata mzinga wa kufuturu hausikii!"

Mzungu akawa mwekundu mpaka shingoni. Akauliza watu wanacheka nini. Inspekta hakutafsiri.

Basi tukarudishiwa vitu vyetu: saa, wanja, zari, na mashine ndani ya bahasha. Fundi wao ameifungua, inspekta akasema, hakuona ubaya, akaifunga tena. Nikachungulia ndani ya bahasha. Parafujo mbili zilikuwa zimebaki chini. Nilipomwonyesha, akasema huenda zilikuwa za akiba.

Nyumbani Salma alikuwa anatungoja mlangoni. Baba akavaa kizibao chake, akatia kizibo sikioni, akazungusha kitufe. Tukamtazama usoni. Akatabasamu.

"Nnasikia," akasema. "Alhamdulillahi, nnasikia kuliko mwanzo."

Salma akamkumbatia, akakimbilia jikoni kuwapa habari wanawake wanaochambua mchele. Vigelegele vikapigwa. Baba alikuwa anatazama mvua, na hakugeuka.

Nikasimama nyuma yake. "Baba," nikasema, kwa sauti kidogo iliyobaki. Kisha tena. "Baba."

Alipogeuka, aligeuka kwa bahati tu, akanikuta nimesimama na machozi. Tukatazamana. Akanivuta kanga karibu yake, akaninong'oneza kwa ile sauti ambayo yeye anadhani ni ndogo.

"USIMWAMBIE SALMA!"

Jikoni vigelegele vikakatika.

Salma akatokeza mlangoni, mikono ina unga wa mchele. Alimtazama baba, akanitazama mimi. Kisha akarudi jikoni, na nikamsikia akiwaambia wenzake, "Haya jamani, mbona mmenyamaza? Pigeni." Wakapiga tena.

Kwa hiyo nyumba nzima tunajua, na hakuna anayesema. Nikisema, Ijumaa atatafutwa wakala, na baba atakaa pembeni mara ya pili. Hilo sitakubali. Nimekubali mengi katika maisha yangu, na hili halimo.

Kesho asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, nitakwenda kwao Masoud, huyu bwana harusi wetu. Ni kijana mpole, karani wa ghala la karafuu, anazungumza kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Nitamwambia: utakaa goti kwa goti na mzee, utamshika mkono, utauleta mdomo wako kwenye sikio lake la kulia, na neno la kukubali utalitoa kwa kelele mpaka njiwa waruke paani. Usione haya. Wakicheka, wacheke.

Miaka yote hii mimi ndiye ninayempigia baba kelele. Kama Masoud anataka kuwa mtoto wa nyumba hii, Ijumaa naye aanze.