Breki za Gari la Baba

Kijiji cha Nyakisasa,
Ngara.
Jumapili, 10 Novemba 2024

Mpendwa kaka Erasmus,

Shikamoo kaka. Habari za Newala, na za shule, na hilo joto lenu? Wifi Agness na watoto hawajambo? Natumaini kile kikohozi kimekwisha, na kwamba ulikwenda hospitali, hukukitibu kwa kunyamaza kama kawaida yako. Sisi huku ni wazima. Mvua imeanza vizuri, maharage yameota. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu, ikifika saa nne anatupita wote kwenda shambani. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana umeletewa barua badala ya simu.

Simu nimejaribu. Alhamisi nilishuka hadi bondeni peke yangu nikakupigia, ulipopokea nikaishia kukuuliza bei ya korosho. Ukacheka, ukaniuliza tangu lini nimekuwa mfanyabiashara. Na Jumapili unapopiga wewe, Mama anataka simu iwekwe sauti kubwa ili nyumba nzima isikie. Hili si la sauti kubwa kaka. Sista Priscila wa Rulenge anasafiri keshokutwa kwenda Masasi, ameahidi kukutafuta akupe mkononi.

Nianze na habari unayoipenda. Ijumaa alasiri gari la Baba liliwaka. Miaka ishirini limekaa kwenye kibanda, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, panya wamekula nyaya zote, na mwaka juzi nyuki walihamia kwenye boneti tukashindwa hata kupita karibu. Pancras amelihangaikia tangu mwezi wa nane akiwa na fundi Hategekimana wa Benaco. Walisafisha tangi, wakabadilisha plagi, wakafungua kabureta mara nne. Lilipowaka lilitoa moshi mweusi mpaka Mama akafunga madirisha, kisha akatoka akasimama pale kibandani na mkono mdomoni. Alilia. Alisema ni sauti ile ile.

Mdogo wetu hashikiki sasa. Anasema atakwenda kumchukua Suzan wake Biharamulo kwa gari la Baba, na wakwe zake wataona. Mzee Shibuda, baba wa binti, ni mtu wa ng'ombe kutoka Shinyanga, sidhani kama gari bovu la miaka hiyo litamtisha, lakini wewe unamjua Pancras. Amelipaka rangi ya kijani. Amepaka mpaka kioo kimoja.

Naona napiga porojo. Ni woga tu huu, nivumilie.

Jumapili iliyopita Pancras alikueleza kwamba breki zinavuja kidogo, na kwamba kujaza mafuta ya breki ni kuyamwaga tu chini. Nawe ukamjibu, nilikuwepo, simu ilikuwa sauti kubwa: atie maji ya sabuni kwanza, kama ulivyofanya wewe zamani, yatatosha mpaka utakapokuja Desemba ulione mwenyewe. Ukasema Baba aliendesha hivyo hivyo, na kilichomshinda ni tope, siyo breki. Watu wote wakacheka. Hata Mama alicheka. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikaacha.

Basi ametia maji ya sabuni. Amezunguka uwanja wa shule mara nne, breki zinashika vizuri sana. Hategekimana alinung'unika, Pancras akamwambia kaka mwalimu ndiye aliyesema. Mimi nimemwambia mara mbili anunue mafuta ya breki na raba mpya za kuzuia yasivuje, na kila mara ananijibu jina lako. Tarehe 14 Desemba, siku ya kumchukua Suzan, wewe utashika usukani, Mama akae mbele, nyuma akae Pancras na shangazi, na Secilia wangu ambaye ana miaka sita na ameshachagua gauni. Mtashuka ule mteremko mrefu wa njia ya Biharamulo. Tangu Ijumaa silali kaka. Nikisikia injini inanguruma naweka chini nilichoshika.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa.

Siku ile ya ajali, mwaka 2004, barabara ilikuwa kavu. Hapakuwa na tope. Wewe ulikuwa umetengeneza breki jana yake jioni, asubuhi ukapanda basi kwenda Mwanza kwa mjomba. Mimi na Baba tuliondoka baada yako na magunia ya maharage. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimekaa mbele, nimefurahi. Njia nzima breki zilishika. Kwenye mteremko huo huo Baba alikuwa anakanyaga tangu juu kabisa, zikapata moto, na karibu na katikati nikaona mguu wake unakwenda hadi chini. Akakanyaga tena, na tena. Pedali ilikuwa laini, haikuwa na kitu. Maji yalikuwa yamechemka humo ndani kaka. Nilikuja kuelezwa na Hategekimana mwaka huu tu, nilipomuuliza kama mtu mjinga anayeuliza: mafuta ya breki yanavumilia moto, maji hayavumilii. Kwenye uwanja wa shule huwezi kuliona hilo hata uzunguke mwezi mzima.

Alivuta handibreki, haikusaidia. Chini tuliona akina mama wanapanda na mizigo kichwani, wametanda barabara nzima. Kulikuwa na ukingo wa udongo pande zote mbili. Upande wa kushoto, upande wangu, ndio uliokuwa karibu. Baba hakwenda huko. Alikata usukani kulia, akavuka barabara, akaligongesha gari kwa upande wake mwenyewe.

Ule ulemavu wa mguu wa Baba ulitokana na hapo, hilo unalijua. Usilolijua ni alichoniambia tukiwa bado ndani, mguu wake umebanwa na mlango. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana. Akaniambia nishuke, nifungue boneti, nifungue kile kikopo cha breki, nikaushe kila kitu kwa kitambaa changu cha shule. Nilikausha. Povu lilinijaa mikononi mpaka kwenye viwiko, nikawa najipangusia kwenye majani. Akasema, "Erasmus asijue. Akijua hatashika tena spana, na ana mikono mizuri." Nikamwahidi. Jioni mvua kubwa ilinyesha, na waliokwenda kulivuta gari kesho yake walilikuta kwenye tope. Baba akasema liliteleza, na ikawa hivyo.

Kwa hiyo uliporudi ukaomba ufunguo ulitengeneze, akakunyima, haukuwa uchoyo. Miaka kumi mlikuwa mnanuniana kwa ajili ya ule ufunguo. Mimi nilikuwa naleta chai katikati yenu nikiwa na jibu mdomoni. Alikuwa anaogopa, kaka. Aliogopa gari, na aliogopa kwamba ukilifungua utajua. Ulipomtania mbele ya wageni kwamba dereva wa lami hawezi tope, alicheka kuliko wote. Hata kwenye mazishi yake uliusema utani ule, nami nikatoka nje nikaenda migombani.

Nimevunja ahadi ya marehemu, na ninaogopa hilo. Ninaogopa na wewe utakavyokuwa ukimaliza kusoma, mbali huko. Ulikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mafuta hayakupatikana hapa, na kila mtu aliyekuwa na gari alifanya hivyo. Baba hakukulaumu hata siku moja, na nilikuwa naye mpaka mwisho. Lakini naogopa zaidi ule mteremko. Ningemweleza Pancras, ila yule hana kifua. Akinywa rubisi jioni, asubuhi kijiji kizima kingekuwa nayo, na wewe ungekuja kuyasikia kwenye sherehe kwa mtu baki. Heri uyasikie kwangu.

Mpigie Pancras. Si lazima umweleze sababu. Mwambie tu umebadili mawazo, amwage yale maji, anunue raba mpya na mafuta ya breki, na Hategekimana asimamie. Neno lako analisikia, la kwangu halisikii. Ili asilishushe gari barabarani kabla hujapiga, jana nilichomoa rota, kile kidude kinachogawa umeme kwenye plagi, nikaificha kwenye debe la mtama. Wamelitafuta kosa kwenye betri siku nzima. Mungu anisamehe, fundi wa watu amechoka.

Mama anakusalimu sana, anasema uje na korosho mbichi. Juvenali mume wangu anakusalimu, hili halijui. Shangazi Yuster anakuuliza kama bado unavaa sweta alilokufumia, nikamwambia Newala hakuna baridi, akanuna. Secilia anasema atakaa kwenye magoti yako wakati unaendesha, nimemkatalia. Nisalimie wifi na wanao, mmoja mmoja kwa jina. Mwenyezi Mungu awalinde safarini, na amlaze Baba mahali pema.

Usinijibu kwa barua, na usinipigie mimi, nitashindwa kusema. Nitakuwa nafagia uani kila siku, hata pakiwa pasafi. Siku nitakapomwona Pancras amelala chini ya gari, na povu linatiririka kwenye udongo, nitajua umesoma hadi hapa. Nitaitoa rota kwenye mtama, nitamwambia niliiokota kibandani.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekuogopea,
Tecla