Malkia Hataki Mkono Mwingine

Jumatano, Chanika

Halafu mtu aniambie kazi ya ng'ombe ina mapumziko. Kukamua saa kumi alfajiri, kukamua tena saa kumi jioni, iwe Idi, iwe Krismasi, hata uwe na homa.

Jumamosi mdogo wangu Zuhura anaolewa Lindi. Baba hatunaye tena, mie ndiye wa kumwozesha. Leo nimemwomba ruhusa Mama Neema, mwenye ng'ombe.

"Nenda, mwanangu, hata siku tatu. Ila Malkia atakamuliwa na nani?"

Nikamleta rafiki yangu Shabani, mkamuaji mzuri tu, ingawa hanifikii. Malkia akapiga ndoo teke. Maziwa hayakushuka hata tone.

"Huyu umeshamuoa wewe," Shabani akanicheka huku anajifuta kinyesi.

Ubaya ni wangu. Mwaka mzima namkamua huku namwimbia singeli, makusudi, asizoee mtu mwingine, nisije nikafukuzwa. Nikajisifu mtaa mzima kwamba bila mie Malkia hatoi. Kweli hatoi. Nikimwacha siku tatu kiwele kitavimba, na pengine...

Jioni nikajaribu kumkamua kimya kimya, aanze kunisahau. Akanigeukia, akanitazama, hakutoa kitu. Nikaona chuchu zinakaza, nikamhurumia, nikaimba. Yakashuka kama bomba.

Zuhura akapiga simu katikati ya wimbo.

"Kaka, umeshakata tiketi?"

Nikamwambia asubiri kidogo, mikono ina maziwa.