Fungu Lako la Akamwani

Ngenge, Muleba
Kagera
12 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Nathanael,

Kuna jambo nimekuficha miaka kumi na moja. Mwezi ule tuliomzika Tata, baba yetu, nilikuja Unguja. Nilikuona. Sikukusalimu.

Hamjambo lakini? Goti la shemeji yangu Klaudia limepona? Mimi moyo umechoka. Daktari wa Bukoba aliniambia nirudi nyumbani nile ninachopenda. Nimefundisha miaka thelathini na minne. Sentensi kama hiyo naielewa.

Ndiyo maana naandika sasa. Mwezi Julai ukoo utaketi hapa kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, kumjua omusika atakayenifuata, mrithi wa kiti cha Tata na wa migomba inayozunguka kaburi lake. Mwanangu Audax ameshaanza kupanda miche mipya ya kahawa. Hana shaka kwamba ni yeye.

Tata alipokata roho nilikupigia simu. Ulisema, “Kaka, mji umefurika wageni, kila siku natembeza makundi mawili. Nizikieni mzee wangu.” Nikawaeleza wazee wa ukoo hivyo hivyo. Mmoja akauliza, “Hao wazungu wake hawana baba?” Watu wakacheka msibani. Mimi nikakutetea. Nilikutetea, Nathanael.

Siku ya kumi baada ya mazishi nilipanda basi. Nilikubebea akamwani, ile kahawa ya kutafuna iliyopitishwa kwa waombolezaji. Fungu lako nililifunga kwenye ganda la mgomba.

Nilishuka kwenye boti mvua ikinyesha. Mji Mkongwe niliowaonyesha watoto shuleni kwa picha za vitabuni ulikuwa mtupu. Maduka ya vinyago yana makufuli, viti vya hoteli vimepangwa juu ya meza, maji yanatiririka vichochoroni na hakuna wa kuyaruka. Nilisimama mbele ya mlango mmoja wa nakshi nikagusa misumari yake ya shaba, na hakuna aliyenijia na bei wala historia. Kwa nusu saa niliufurahia mji ule. Niliwaza kwamba tutautembea pamoja, wewe ukinieleza.

Nikamuuliza mlinzi wa hoteli moja watalii wako wapi.

“Mzee wangu, umekosea mwezi. Masika haya tupo sisi na paka.”

Nikamtajia jina lako.

“Yule Mhaya mwenye Kiingereza kingi? Yupo pale kwenye meza ya keram, anacheza. Tangu Machi hajatembeza mtu.”

Ulikuwa umenipa mgongo, umevaa shati nililokutumia Krismasi. Mwenzako alikuwa anachelewa kupiga. Ukamwambia, “Piga taratibu, bwana, mimi sina pa kwenda mpaka Juni.”

Huna pa kwenda. Tata hakuwa na hata wiki mbili ardhini.

Nilirudi na boti ya mchana. Akamwani yako niliitafuna yote, punje kwa punje, mpaka ulimi ukafa ganzi. Hadi leo sijui kilichokuzuia. Kama ulikosa nauli, kama uliogopa kumwona amelala vile, ungesema tu. Ningekuja kukuchukua.

Msalimie sana Klaudia, na binti yetu Vestina. Dada Georgina anakusalimu. Kila msimu bado anakuwekea kopo la senene, kisha tunawala sisi. Mungu akuweke salama huko kisiwani, na akupe njia ya kufika nyumbani kabla ya Julai. Nakala ya barua hii nimempa mchungaji aisome mbele ya ukoo siku ya kikao, Audax akiwepo.

Nimebakiza moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilisafiri siku mbili kwenye mvua kupeleka kahawa. Miezi saba nilimgeuza Tata kitandani, nikamwosha, nikamlisha kwa kijiko. Asubuhi aliyokata roho tulikuwa wawili tu chumbani. Alinishika mkono akamtaja omusika wake, nami nikaona amenisaliti mchana kweupe. Wazee walipouliza kauli yake ya mwisho, niliwatajia jina langu. Unguja nilikuja kutubu, nikurudishe ukae kwenye kiti. Nilipokusikia pale kwenye keram nikanyamaza, nikajiambia kwamba umenipa haki. Hukunipa.

Tata alitaja jina lako.

Kaka yako, ambaye hata siku ile hakuacha kukupenda,
Rutashobya