Pale Ukili Ulipokuwa Mwembamba

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika hapa Mpendae, marahaba. Mama yako hajambo, na paka wako kazaa tena ndani ya kabati.

Unasema siku ya kwanza ya yoga huko Mwanza wenzako wote waligusa vidole vya miguu, wewe ukaishia magotini, na sasa unaona haya kurudi. Unaniuliza kama umechelewa kuanza. Mimi hiyo yoga siijui, lakini umenikumbusha Makunduchi.

Nilipokuwa msichana huko, shangazi yangu alinifunza kusuka ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa ukawa mkeka. Tulikaa chini miguu tumeinyoosha, mimi na binamu yangu, aliyekuwa hodari. Nikataka kumpita. Nikakaza mabega, pumzi nimeibana. Jioni shangazi akaupitisha ukili wangu mkononi, akasita pale ulipokuwa mwembamba.

"Hapa ulikuwa unashindana na nani?"

Nikashangaa. Kajuaje?

Nilidhani ataniambia nifumue. Akasema, "Uache. Endelea mbele, na upumue."

Ukili ule ukashonwa mkeka, nnao mpaka leo. Jana nimeutandika, nikafunga mlango, nikajaribu kuinama kama ile picha uliyonitumia. Na mimi nimeishia magotini! Nikapumua taratibu, mgongo ukalegea kidogo. Nimeipenda. Sasa baada ya hapo mnafanya nini? Rudi darasani ukaniulizie.

Bibi yako,
Mwanaidi